Okidi ya ndani Kampala: namwagilia, lakini majani yanazidi kulegea

Jirani_wa_Kyanja aliuliza:

Habari zenu wapenzi wa mimea. Naomba msaada kuhusu okidi aina ya Phalaenopsis, ile yenye majani mapana na maua meupe yanayofanana na vipepeo. Ina miezi mitano tangu iliponunuliwa ikiwa na maua. Maua yamekwisha kudondoka yote. Majani manne yaliyobaki yamelegea na kujikunja kama ngozi iliyokauka, na la chini kabisa limekuwa manjano.

Mazingira yake ni haya: ghorofa ya tatu, kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama magharibi, karibu kabisa na kioo. Mmea umo ndani ya kopo laini la plastiki, na kopo limetumbukizwa ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu. Hakuna udongo, kuna zile nyuzi laini za mosi (mimea midogo ya kinamasi iliyokaushwa) zilizoshindiliwa. Inapata nusu kikombe cha maji kila baada ya siku mbili, na tangu majani yaanze kulegea inapata kila siku. Kikonyo cha maua bado ni kijani.

Je, maji hayatoshi? Nitumie udongo gani unaopatikana hapa? Kikonyo kikatwe au kiachwe? Na je, itachanua tena, au hizi huwa ni za maua ya mara moja tu?

Kitalu_Mukono alijibu:

Pole sana ndugu. Acha kumwagilia leo hii. Mmea wako una kiu, ni kweli, lakini hauna mdomo wa kunywea. Mizizi imeoza.

Kwao Asia ya kusini-mashariki, Phalaenopsis huishi juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa nje hewani. Kila mzizi umevikwa ganda jeupe kama sifongo liitwalo velameni. Mvua ikinyesha, ganda hilo hujaa maji ndani ya dakika chache, kisha upepo hulikausha. Mzizi wenye maji unaonekana wa kijani, mkavu unaonekana wa rangi ya fedha. Sasa wewe umeuweka ndani ya mosi iliyoshindiliwa, juu ya maji yaliyotuama kwenye kauri. Hewa haipiti, mzizi unakosa pumzi, unakufa, kuvu wanaingia. Majani hayapati maji, yanalegea. Mwenye mmea anaona majani yamelegea, anaongeza maji. Hapa Kampala okidi nyingi huondoka kwa njia hiyo, na lawama huangushiwa hali ya hewa, wakati hali ya hewa yetu inazifaa sana.

Toa mmea kwenye kopo. Loweka fundo la mizizi kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi ili mosi ilegee, kisha itoe yote kwa vidole, hasa ile iliyo katikati chini ya shina, kwa sababu huko ndiko uozo unakojificha. Minya kila mzizi. Ulio mgumu, uwe mweupe, wa kijani au hata wa manjano kwa kukosa mwanga, ni mzima. Ulio laini, wa kahawia, ambao ganda lake linachubuka na kubaki uzi mwembamba, umekufa. Kata uliokufa mpaka ufikie sehemu ngumu. Tumia wembe mpya, au kisu kilichopitishwa motoni kikapoa. Usihamie mmea mwingine na wembe huo huo: kuna virusi vya okidi vinavyosafiri kwa utomvu, na spiriti peke yake haiviui ipasavyo. Ukimaliza, uache mmea wazi kivulini kwa siku moja nzima ili vidonda vikauke.

Kuhusu cha kupandia, sahau neno udongo. Unahitaji vipande vigumu vyenye nafasi kati yake. Mchanganyiko wangu wa Phalaenopsis ndani ya nyumba ni sehemu tatu za magome ya msonobari kwa sehemu moja ya makaa, vyote vikiwa na ukubwa wa sentimita 1 hadi 2. Magome yapo kwenye viwanda vya kupasulia mbao za misonobari, mara nyingi huyapewa bure. Yale mabichi yana utomvu mwingi, kwa hiyo yachemshe nusu saa, mwaga maji yake, kisha yaloweke usiku kucha. Gome kavu halinywi maji, linayaacha yapite tu.

Makaa yawe yale ya kawaida ya sigiri ambayo hayajawashwa. Yapasue, chekecha vumbi lote, osha mpaka maji yatoke safi. Makaa yaliyoshindiliwa kiwandani usiyaguse, yana udongo na wanga ndani yake na hugeuka tope. Usitumie maganda ya kahawa hata kama yamejaa kila mahali: yanashikamana, yanapata joto, yanaoza. Magome ya mkaratusi pia siyapendekezi, ni nyuzinyuzi mno. Makumbi ya nazi yanafaa yakikatwa vipande, lakini yana chumvi, yaloweke mara tatu kwa kubadilisha maji. Aliye karibu na Kisoro ana bahati kuliko sisi sote, kwa sababu mawe yenye matundumatundu ya volkano hayaozi kamwe.

Kopo liwe la plastiki angavu ili uione mizizi, na lisizidi sana ukubwa wa mizizi iliyobaki. Kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 kinatosha. Ukikosa, kata kitako cha chupa kubwa ya maji ya kunywa. Pasha msumari, toboa matundu kumi na mawili, manane chini na manne ubavuni. Weka vipande vikubwa chini, shikilia mmea ili shina lisimame juu ya magome bila kufukiwa, mimina mchanganyiko kando kando huku ukigonga kopo mezani ushuke wenyewe. Usishindilie. Kile chungu cha kauri unaweza kukitumia kwa urembo, mradi uweke kokoto chini ili kopo lisiguse maji, na ukimwage kila baada ya kumwagilia.

Kikonyo kikate chote, ubakize sentimita 2 kutoka kwenye shina. Najua kinauma, ni kijani bado. Lakini mmea usio na mizizi ukiachiwa kikonyo utatumia akiba yake ya mwisho kutoa ua.

Ghorofa_ya_Ntinda alijibu:

Naunga mkono yote. Naongeza tu kwamba kwa mmea wenye afya kikonyo cha kijani hakikatwi chote. Hesabu vifundo kutoka chini, kata sentimita 1 juu ya kifundo cha tatu, na mara nyingi tawi jipya la maua hutoka hapo baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa huu wa Kyanja, hapana. Kitalu_Mukono amesema sawa.

Ninachotaka kukizungumzia ni dirisha, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao husema dirisha la kusini lina jua kali na la kaskazini halina kitu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini wetu, na miezi iliyobaki liko kusini. Tena liko juu sana: hata mwezi Juni na Desemba linapoinama zaidi, kwa kila mita moja ya urefu wa dirisha mwanga wa adhuhuri huingia kama sentimita 40 tu ndani, na paa lenye ukingo mpana hulizuia kabisa. Kwa hiyo madirisha yetu ya kaskazini na ya kusini yote ni mazuri kwa okidi, yana mwanga mwingi usiochoma. La mashariki ni zuri pia, jua la hadi saa nne asubuhi halidhuru. La magharibi ndilo baya kuliko yote. Jua la saa tisa na saa kumi linaingia likiwa chini, nyumba imekwisha kupata joto, na jani lililo karibu na kioo linaiva.

Ukikosa dirisha jingine, sogeza mmea mita moja na nusu ndani na uweke pazia la neti. Pima hivi: saa sita mchana nyosha mkono sentimita 30 juu ya jani. Kivuli chenye ukingo uliofifia ni sawa. Kivuli cheusi chenye ukingo mkali kama umechorwa na wino, mwanga umezidi. Usipoona kivuli, mmea utaishi lakini hautachanua. Rangi ya jani nayo inasema: kijani kilichoiva sana, karibu cheusi, ni giza, kijani cha nyasi changa ni mwanga wa kutosha, wekundu ukingoni ni mwanga uliofika kikomo.

Na ndiyo, itachanua tena, kila mwaka ikitunzwa. Phalaenopsis haingoji mvua wala siku ndefu, inangoja ubaridi. Ikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 28 usiku na mchana, huota majani tu. Inahitaji wiki tatu hadi nne za usiku wa nyuzi 16 hadi 18, na mchana usiozidi 26 au hivi. Usiku wa Kampala mwezi Juni na Julai unafika hapo bila kununua kifaa chochote. Tatizo ni kwamba tunafunga madirisha saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu, ndani kunabaki nyuzi 23. Weka wavu wa mbu dirishani uliache wazi, au toa mmea barazani usiku, mahali pasipofikiwa na mvua. Kikonyo kikichomoza hutofautiana na mzizi kwa ncha yake: mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa, kikonyo kina ncha bapa kama kiganja kidogo. Tangu hapo usigeuze kopo, la sivyo maua yatapindana yakifuata mwanga. Ua la kwanza hufunguka baada ya kama miezi mitatu.

Chipukizi za maua zikianza kunyauka na kudondoka kabla ya kufunguka, angalia meza. Ndizi mbivu, hasa bogoya zilizoiva pamoja kwenye bakuli, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inazidondosha. Moshi wa sigiri nao una gesi hiyo hiyo. Okidi na jiko visikae chumba kimoja.

Jirani_wa_Kyanja aliandika:

Asanteni sana, ssebo na nnyabo, Mungu awabariki. Nimeutoa. Kati ya mizizi kumi na moja, minne tu ni migumu, na mmoja wao umekatika nusu. Nimeona pia vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, na jani moja linanata. Mdalasini wa unga niliambiwa unaua kuvu, nipake mizizi yote? Na maji sasa nimwagilie mara ngapi?

MamaMimea_FortPortal alijibu:

Mizizi minne inatosha mwanangu. Okidi huokolewa hata na mmoja.

Hiyo pamba ni vidung'ata. Wananyonya utomvu, na kinachonata ni mkojo wao wa sukari, ndiyo maana mara nyingi utaona sisimizi wakipanda na kushuka: wanauvuna, na wao ndio huwahamisha vidung'ata kutoka mmea hadi mmea. Tenga mmea huo na mingine yote leo. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mmoja mpaka abadilike rangi kuwa kahawia. Ingia kwenye makwapa, chini ya majani, na pale kikonyo kilipokatwa. Usimwage spiriti kwenye moyo wa mmea wala kwenye mizizi. Rudia baada ya siku saba, na tena baada ya siku saba, hata kama huoni kitu, kwa sababu mayai yanaanguliwa nyuma yako. Wengi hufanya mara moja, wanafurahi, baada ya mwezi wamerudi walikoanza. Vile vigamba vya kahawia vinavyobandika kama chunusi kwenye jani ni vidugamba, dawa ni ile ile, ila uvikwangue kwanza kwa ukucha.

Mdalasini: hapana kwa mizizi yote. Unakausha. Paka kidogo kwenye kidonda cha jani au shina pale ulipokata, basi. Ukiupaka kwenye velameni nzima unaikausha ile mizizi minne uliyobaki nayo.

Chunguza pia moyo wa mmea, pale jani jipya linapotokea. Ukiona doa la majimaji lenye harufu mbaya, linalokua kati ya asubuhi na jioni, huo ni uozo wa bakteria: kata jani sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, usiku huo huo. Doa kavu, jeupe kisha jeusi, lisilosogea, ni jua la dirisha lako la magharibi. Halina tiba wala haliambukizi, liache.

Maji yasihesabiwe kwa siku. Chomeka kijiti cha mishikaki katikati ya magome, kiache robo saa. Kikitoka na unyevu au rangi iliyoiva, subiri. Kikitoka kikavu na mizizi imekuwa ya fedha, mwagilia. Kwenye magome ndani ya nyumba Kampala huwa ni kila siku tano hadi saba, wakati wa mvua ndefu hata kumi. Mwagilia asubuhi. Tumbukiza kopo kwenye beseni la maji mpaka chini kidogo ya ukingo kwa dakika kumi na tano, litoe, liache lichuruzike mpaka litulie. Maji yakiingia kwenye moyo wa mmea, yanyonye kwa karatasi laini. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba la Kampala yanafaa, yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja. Ya kisima yenye chumvi hapana, utaona ukoko mweupe juu ya magome na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi.

Mbolea usiweke sasa. Mzizi ulioumia hauwezi. Subiri uone mzizi mpya wenye ncha ya kijani umefika sentimita 3. Hapo tumia NPK 20-20-20 ya kuyeyuka kwenye maji, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa jerikeni la lita 10, wiki tatu mfululizo, na wiki ya nne maji matupu ili kusuuza chumvi. Ile ya punje ya shambani usiitie kabisa kwenye kopo.

Joto_la_Gulu alijibu:

Wenzangu wameongea ya Kampala. Anayesoma hii akiwa Gulu, Lira au Arua ajue kwamba kiangazi cha Desemba hadi Februari kinabadilisha mambo. Upepo ni mkavu, mchana unapita nyuzi 30, na kopo linakauka kwa siku tatu. Huku ongeza makumbi ya nazi au vipande vya tofali la kuchoma, sehemu moja kwa nne, vinashika maji bila kuziba hewa. Weka sinia lenye kokoto na maji chini ya kopo, maji yakiwa chini ya usawa wa kokoto. Kunyunyizia majani jioni kunadhuru zaidi ya kusaidia, maji yanalala kwenye moyo. Na kama lengo lako ni maua, usipambane na Phalaenopsis huku. Chukua okidi aina ya Dendrobium zenye mashina magumu marefu, au Vanda. Hizo zinataka joto na mwanga mwingi.

Aliyeko Kabale ana shida iliyo kinyume. Kule juu, usiku unashuka chini ya nyuzi 15 ambazo Phalaenopsis inazivumilia kwa taabu. Huko afuge okidi aina ya Cymbidium, inapenda baridi hiyo hiyo, bila usiku baridi haichanui.

Kitalu_Mukono alijibu:

Jambo moja kabla mada haijapoa, kwa sababu nimeona watu wakiuliza kwingine wapi wapate okidi za bei rahisi. Tusinunue zilizong'olewa msituni. Uganda ina okidi zake nzuri mno, Ansellia africana yenye maua ya manjano na madoa ya chui, Aerangis nyeupe zinazonukia usiku kuwaita nondo. Lakini okidi iliyobanduliwa kwenye gome huacha nusu ya mizizi yake mtini, na nyingi hufa nyumbani ndani ya miezi. Mbegu zake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, haziwezi kuota bila kuvu maalum, kwa hiyo pengo lake msituni halizibwi upesi. Ansellia tayari imo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini. Kuchukua mimea kwenye hifadhi ya msitu kama Mabira bila kibali ni kosa kisheria, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, huwezi kumtumia ndugu yako nje ya nchi bila hati. Muulize muuzaji mmea ulizalishwa wapi. Dalili za msituni zinaonekana: majani yenye makovu na kuvumwani (ule ukoga mkavu unaoota kwenye magome ya miti), mizizi iliyovunjika, vipande vya gome vikiwa vimeshikilia.

Anayetaka okidi inayolimwa hapa jirani aanze na vanila. Ndiyo, ile ile ya wakulima wa Mukono na Kayunga ni okidi. Kipande cha shina chenye vifundo vitano au sita, vifundo viwili vikilazwa kwenye majani yaliyooza, kinashika mizizi hata kwenye chungu barazani. Nayo vanila huchanua baada ya kukaukiwa kidogo, ndiyo sababu kwetu inatoa mazao mara mbili kwa mwaka, kufuata vipindi viwili vya kiangazi.

Jirani_wa_Kyanja aliandika:

Nimekwisha kupanda kwenye magome na makaa, dirisha la kaskazini. Ila mmea unayumba, mizizi minne haiushiki. Nishindilie kidogo?

MamaMimea_FortPortal alijibu:

Hapana. Chomeka kijiti cha mishikaki kando ya shina, ufunge kwa uzi laini wa pamba, usikaze. Mmea ukiyumba ncha za mizizi mipya zinasuguliwa na kufa kabla hujaziona. Kisha ufunike wote kwa mfuko angavu wa plastiki, uache uwazi wa vidole viwili juu, ufungue dakika kumi kila asubuhi hewa ibadilike. Wiki nne hadi sita hivyo. Maji ya kwanza yawe kesho kutwa asubuhi. Majani haya yaliyokunjamana huenda yasinyooke tena, usiyakate, yanalisha mizizi. Angalia shina chini ya jani la mwisho, mzizi mpya utaanza kama kinundu cha kijani kinachopasua ngozi.

Jirani_wa_Kyanja aliandika:

Kinundu hicho kipo kimoja tayari, kidogo kama punje ya mtama, upande wa dirisha. Nitaweka kijiti upande wa pili.